Shavu la Kushoto

Pindo alikuwa ameshang'olewa meno matatu kabla hajapatikana daktari wa kumwambia kwamba meno yake hayakuwa na kosa lolote. Yote matatu yalikuwa ya upande wa kushoto, mazima kabisa, na la mwisho lilimtoa daktari wa meno jasho kwa ubishi, kama vile lilijua linaonewa.

Pindo halikuwa jina lake. Wateja walimbandika kwa sababu ya mkono wake: gauni likitoka kwenye cherehani yake, ungeweza kuligeuza nje ndani usione uzi uliokaa kombo. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, meza ikitazama dirisha, huku mkasi, chaki na pasi vimepangwa upande wa kulia ili asilazimike kuvitafuta. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, mtu wa maneno ya kuhesabika, anayeondoka alfajiri na kurudi adhuhuri na unga kwenye nyusi. Pamoja nao aliishi mama mkwe, ajuza aliyekula chumvi nyingi, magoti yamemchosha lakini ulimi bado una makali yake yote.

Maumivu yalimwanza siku moja akipiga mswaki. Ilikuwa kama mtu amechukua waya wenye umeme, akauchomeka kwenye ufizi, kisha akauvuta hadi jichoni. Pindo aliangusha mswaki akashika sinki kwa mikono miwili. Mara yakaondoka, kama hayakuwepo. Akajitazama kwenye kioo: hakuna uvimbe, hakuna wekundu, hakuna hata alama ya kumwonyesha mtu. Hilo ndilo lililomtesa kwa miaka iliyofuata karibu sawa na maumivu yenyewe. Angekuwa na kidonda, watu wangemwonea huruma. Alichokuwa nacho ni uso mzuri tu ambao ghafla unakunjamana, na jicho moja linalotiririka machozi katikati ya mazungumzo.

"Jino hilo. Ng'oa," walisema wateja.

"Mbona hujavimba?" aliuliza wifi yake, dada mdogo wa mumewe, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana jibu.

Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyemwelewa, baada ya meno matatu kwenda na maji. Alimweleza kwamba ndani ya kichwa, nyuma ya sikio, mshipa wa damu umelalia mshipa wa fahamu unaohudumia uso. Kila pigo la moyo linausugua, hadi ngozi yake imelika kama waya uliochunika. Ndiyo maana upepo, tonge, neno au kitambaa cha kufutia uso vinatosha kuupiga shoti. Alimpa vidonge, akamwambia vikishindwa kuna operesheni ya kutenganisha mishipa hiyo miwili. Pindo alilia pale pale kitini. Hakulia kwa kuogopa. Alilia kwa sababu mtu mwenye koti jeupe alikuwa amesema kwamba hajifanyi.

Vidonge vilimtuliza kwa muda. Vilimfanya ayumbe kama mlevi na kusahau alikoweka chaki iliyo mkononi mwake, lakini vilimtuliza. Kisha vikaanza kuzidiwa, akapangiwa operesheni. Mwezi huo huo ugonjwa ulioanzia mbali ukafika kwao.

Muuguzi ndiye aliyempigia simu. "Operesheni zote zisizo za dharura zimesimamishwa."

"Hadi lini?"

"Dada yangu, hata sisi hatujui."

Pindo aliweka simu mezani akaitazama. Zisizo za dharura. Alikuwa anakunywa uji kwa mrija kwa pembe ya kulia ya mdomo, na alikuwa anazungumza na mumewe kwa vidole zaidi kuliko kwa sauti.

Likatoka agizo: kila mtu avae barakoa. Kazi zilizokuwa zimelala zikafumuka. Harusi zilikuwa zimefutwa na sare za shule hazikuhitajika, lakini kila nyumba ilitaka barakoa, na mtaa mzima ulimjua fundi mmoja tu anayeshona bila kulipua. Alishona za watu wazima, za watoto, za maua na za rangi moja, na nyingine za wahudumu wa mochwari waliotaka tabaka tatu. Lastiki ilipoadimika madukani alikata mikanda kutoka kwenye fulana kuukuu. Na katika barakoa zote zilizopita chini ya sindano yake, hakukuwa na hata moja ambayo angeweza kuivaa. Kitambaa kikigusa tu shavu la kushoto, waya ule uliwaka.

"Mwokaji anakula mkate wake," mama mkwe alisema akizikunja. "Wewe hata kuonja huruhusiwi."

Ajuza ndiye aliyekataa kukata tamaa. Waliketi pamoja kwenye meza ya kukatia, wakatengeneza fremu ya waya mwembamba iliyotoka mbele ya pua, wakainyooshea kitambaa juu, wakaifunga kwa nyuma ya kichwa. Haikugusa shavu. Ilichomoza kama mdomo.

Mama mkwe alirudi nyuma akaitazama kazi yao. "Mwanangu, umekuwa bata."

Pindo aliangua kicheko, na kicheko chenyewe kikamwangusha. Alikamata ukingo wa meza, uso umejikunja upande mmoja, pumzi zimekatika. Maumivu yalipopita, alimkuta mama mkwe ameketi, mikono mapajani, kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Tangu siku hiyo ajuza alitunza mizaha yake mpaka vidonge viwe vimeanza kazi, na hata hapo aliitoa kidogo kidogo.

Fremu ile haikufaa barabarani. Upepo kidogo tu uliisukuma ikamgonga. Basi Pindo akashona kofia yenye ukingo mpana, akaning'iniza mbele yake plastiki nyororo iliyoshuka hadi kifuani. Alijitazama kwenye kioo akaona mtu aliye ndani ya chupa. Potelea mbali. Alitoka kwenda kununua uzi na mchele.

Mlangoni mwa duka mlinzi alimnyooshea kipimajoto, akasoma, kisha akamziba njia.

"Barakoa?"

Pindo alionyesha plastiki.

"Hiyo siyo barakoa. Agizo linasema barakoa."

"Siwezi..." alianza, na neno lenyewe likampiga. Alifumba macho. Nyuma yake foleni ilikuwa imesimama kwa umbali uliochorwa kwa rangi chini, na watu walikuwa na kiu ya mtu wa kumlaumu, kwani walichokuwa wanakiogopa hakikuwa na sura.

"Hawezi nini? Mbona sisi tunaweza?"

"Watu kama hawa ndio wanaotumaliza."

Mwanamke mmoja aliinua simu akaanza kumpiga picha. Pindo alijua maneno yote ambayo angeyasema, aliyapanga kichwani moja baada ya jingine, lakini mdomo ulikuwa mlango aliokuwa haruhusiwi kuufungua. Aligeuka akaondoka. Alirudi nyumbani bila uzi wala mchele, na hakutoka tena.

Wifi alikuwa na desturi ya kuja Jumapili. Alifanya kazi katika ofisi ya bima, mwanamke nadhifu, kitinda mimba wa mama yake, ambaye ajuza hakuwahi kumwita jina jingine isipokuwa Kitinda. Siku hizi hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, barakoa imembana sawasawa, akamsalimu mama yake kwa kupaza sauti kama aliye ng'ambo ya mto. Kisha alimvuta kaka yake pembeni, lakini si mbali kiasi cha kutosikika.

"Kaka, mke wako anawafungulia wateja uso wazi, na mama yumo humo humo ndani. Unataka mpaka nini kitokee?"

"Anaumwa," alisema mwokaji.

"Sote tunaumwa. Mimi miguu inaniuma. Mbona nimevaa?"

Mwokaji alitazama viatu vyake. Alikuwa anampenda dadake na anampenda mkewe, na mapenzi hayo mawili yalikuwa yamemfunga ulimi. Pindo alisikia yote akiwa kwenye cherehani. Kuanzia kesho yake akawa anapokea na kutoa kazi kwa dirisha, kwa kijiti kirefu chenye ndoano, na wateja wakaona ni kichekesho kizuri.

Kisha mwokaji akaanza kukohoa. Kwenye kiwanda cha mikate wenzake kadhaa walikuwa wameshalala kwa homa. Wifi naye alipandwa na homa wiki hiyo hiyo akafungiwa nyumbani kwake. Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa mwisho, na ndiye ambaye ugonjwa ulimshika kwa ukali zaidi. Asubuhi alilalamika kwamba chai haina ladha, jioni midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Watu waliovaa magwanda meupe walimbeba kwenye kiti. Alipopitishwa mbele ya meza ya kukatia aliinua mkono, labda kuaga, labda kuomba asimamishwe. Hawakusimama.

Pindo hakukohoa hata mara moja. Kama ugonjwa ulimpitia, ulipita kimyakimya bila yeye kujua.

Hospitali ilipiga simu ikasema bibi anazidiwa, anaulizia watu wake. Ndugu mmoja asiye mgonjwa angeruhusiwa kwa muda mfupi. Barakoa ya hospitali ni lazima, plastiki peke yake haikubaliki.

Mwokaji alikuwa amelala chumbani, mlango umefungwa. Aliongea kupitia mlango. "Siwezi kutoka. Kitinda naye hawezi."

"Nitakwenda," Pindo alisema.

"Utaivaaje?"

Vidonge vilikuwa vimeadimika kwenye maduka ya dawa tangu mipaka ifungwe, naye alikuwa akivikata nusu ili visogee. Siku hiyo hakukata. Alimeza vizima viwili kwa pamoja, akasubiri mpaka sakafu ianze kuyumba chini yake, akatoka.

Mlango wa wodi ulikuwa na muuguzi aliyefunikwa kutoka utosini hadi kidoleni. Alimvisha Pindo kofia ya kitambaa, gauni na glavu, akampa barakoa. Pindo alipiga moyo konde, akapitisha kamba masikioni.

"Haijabana, mama," muuguzi alisema, na kwa nia njema kabisa akanyoosha vidole viwili akakandamiza kile kichuma cha puani, kisha akavishusha kwenye mashavu.

Pindo alijikuta amepiga goti moja. Hakusikia alichoambiwa. Aliposikia tena, muuguzi alikuwa anauliza, "Unaumwa? Kama unaumwa siwezi kukuingiza."

Alitikisa kichwa. Akasimama kwa kushika ukuta, akaingia.

Mama mkwe alikuwa kitanda cha dirishani, mpira wa oksijeni puani, mdogo kuliko siku zote. Pindo aliketi akaushika mkono wake kwa glavu. Kila pumzi aliyoivuta ilinyonya kitambaa kikagusa shavu, na kila aliyoitoa ilikisukuma kikagusa tena. Shoti moja ilikuwa haijaisha, nyingine inaanza. Machozi yalishuka yakalowanisha barakoa, ikagandamana zaidi.

Ajuza alifumbua macho. Alitazama kofia ya kitambaa, gauni la bluu, barakoa, jozi ya macho iliyojaa maji.

"Kitinda," alisema. "Umekuja, mwanangu."

Pindo alifungua mdomo. Alitaka kusema, Mama, ni mimi. Neno lilifika kwenye ulimi, ulimi ukagusa ufizi, na waya ukawaka mpaka akaona weupe mtupu. Akafunga mdomo. Aliubana ule mkono.

"Usilie. Nilijua utakuja. Yule mwenzako asingeweza, na uso wake ule." Alitulia akatafuta pumzi. "Mwambie kaka yako asimruhusu kuja. Akivaa hicho kitambaa kitamuua. Umesikia?"

Pindo aliitikia kwa kichwa.

"Na usimsakame. Unamsakama sana, Kitinda."

Akaitikia tena. Mama mkwe aliridhika. Alifumba macho akaacha mkono wake mle mle ulimokuwa, na wakakaa hivyo, mmoja anahangaika na hewa, mwingine na kipande cha kitambaa, mpaka muuguzi akaja kusema muda umekwisha. Kesho yake asubuhi simu iliita, na mwokaji akailaza juu ya kitanda bila kuikata.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache waliosimama mbalimbali kama waliogombana. Wifi alikuwa ametoka karantini siku hiyo hiyo, amekonda, hakuwa na nguvu hata ya kulia vizuri. Jeneza liliposhushwa, alimgeukia Pindo, aliyekuwa amesimama chini ya kofia yake ya plastiki.

"Umeridhika sasa?"

Watu waligeuka. Tangu siku ya wodini mashambulizi hayakumpa Pindo nafasi, yalifuatana kama mtu anayebisha hodi bila kungoja jibu. Alijaribu kusema, akashika shavu. Akakaa kimya. Kimya chake wakakihesabu kuwa ni kukiri, na wifi akaondoka nacho hivyo.

Mwokaji, naye akiwa ameruhusiwa kutoka asubuhi hiyo, alikuwa amesimama katikati yao. Alichukua koleo akaanza kufukia.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko yote. Vidonge vilipatikana leo vikakosekana wiki nzima. Pindo alikonda hata pete ikawa inadondoka kwenye kitambaa anachokishona. Nywele za upande wa kushoto hakuzichana, zikajisokota zenyewe. Wateja wengine hawakurudi, kwa sababu habari za makaburini zilikuwa zimeshazunguka, na kila aliyezisimulia alitia chumvi yake. Siku moja mchana alimwandikia mumewe nyuma ya karatasi ya kukatia ruwaza: nimechoka kuishi na kichwa hiki, na sijui njia ya kukiacha kichwa peke yake.

Mwokaji aliisoma akiwa amesimama. Hakumfariji, hakuwa na maneno hayo. Alikusanya mikasi na vidonge akavifungia kabatini, akamleta jirani akae naye, akatoka hivyo hivyo na unga wake kwenye nyusi. Alikwenda hospitali akaketi mbele ya mlango wa daktari wa mishipa. Walimwambia kliniki imefungwa. Akasema anajua. Walimwambia aondoke. Akaondoka, akarudi kesho baada ya zamu, na keshokutwa, mtu mkubwa mwenye harufu ya mkate mpya, hatukani, habembelezi, ameketi tu. Mwishowe daktari mwenyewe, aliyekuwa akipita kuelekea kwenye wodi za wagonjwa wa mapafu, alisimama akamuuliza ana shida gani. Mwokaji alimpa ile karatasi.

Operesheni ilifanyika kabla ugonjwa haujaisha mjini. Pindo aliamka amefungwa bendeji nyuma ya sikio, akasubiri waya uwake. Haukuwaka. Aligusa shavu kwa kidole. Hakulisikia shavu, na shavu halikusikia kidole. Mshipa ulikuwa umechakaa mno, daktari alimweleza, ungeachwa ulivyo maumivu yangerudi, kwa hiyo ilimbidi aujeruhi kidogo. Nusu ya uso ilikuwa imekufa ganzi, na huenda ingebaki hivyo.

"Ibaki," alisema Pindo. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa muda mrefu kulisema bila kujikunyata.

Alijifunza upya. Alipokunywa chai ilimwagika bila yeye kujua, na mara kwa mara aling'ata shavu kwa ndani asigundue mpaka aone tone jekundu kwenye kitambaa cheupe cha mteja.

Wifi alikuja kuchukua nguo za mama yake. Hakukaa. Pindo alikuwa amezifua zote akazipiga pasi, akamwekea mezani. Kisha akamwambia.

Alimsimulia wodi, dirisha, mpira wa hewa. Alimwambia, "Aliniita Kitinda."

Wifi alisimama na gauni mkononi. "Alidhani ni mimi?"

"Alidhani ni wewe."

"Na hukumwambia?"

"Sikuweza. Mdomo ulikataa."

"Ukamwacha akaenda na uongo."

"Wifi yangu, nilijaribu."

"Ulijaribu!" Sauti ilimpanda, kisha ikamvunjikia. Alijifuta uso kwa gauni la mama yake. Akauliza, bila kumtazama, "Alifurahi?"

"Alifurahi. Alisema alijua utakuja."

Pindo hakumwambia yale mengine, kuhusu kusakama. Aliyameza. Wifi alikusanya nguo, akashukuru kwa pasi, akaondoka. Siku hizi wakikutana husalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Wifi hajawahi kuomba radhi, na katika mtaa ule bado wapo wanaomwonyesha Pindo kwa kidevu na kunong'ona kwamba yule ndiye aliyemuua mkwewe kwa ubishi.

Jioni moja mwokaji alikuwa ameketi mkabala naye, akimtazama anavyotia uzi kwenye sindano.

"Mimi ndiye niliyekohoa wa kwanza," alisema. "Kiwandani barakoa tulikuwa tunazivua. Kwa joto la tanuri. Sote tulikuwa tunazivua."

Mkono wa Pindo ulisimama. "Dada yako anajua?"

Mwokaji aliinama, akaanza kukwangua unga uliokaukia kwenye ukucha wa dole gumba, kwa makini sana, kama kazi aliyopewa na mtu.

Pindo alimngoja. Sasa angeweza kusema lolote alilotaka, kwa urefu wowote, na hakuna ambacho kingeuma. Alimngoja mpaka akaona hakuna jibu linalokuja, akaingiza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga cherehani.